Siku Ambazo Madam Hakuja

Madam wa Watoto hakuwa mtu wa kupiga hodi mlangoni. Alisimama nje ya geti la ploti, ule ua wetu wa vyumba vya kupanga, akashika nondo kwa mikono miwili, akaanza kuongea kwa sauti kubwa na yeyote aliyekuwa karibu, muuza mboga, fundi wa viatu, wakati mwingine mbwa. Aliongea habari za mvua na bei ya unga. Dakika tano, hata kumi. Ndipo aingie. Sisi tuliokuwa ndani tulimsikia, na wengi hatukumpenda kwa hilo. Tulisema anataka mtaa mzima wa Waithaka ujue ni nyumba gani ina shida.

Ametutoka sasa. Siku ya mazishi nilisimama nyuma kabisa, karibu na waliobeba viti. Waliozungumza walisema alikuwa mwimbaji mzuri wa kwaya na kwamba hakukosa mkutano wa chama chake. Hakuna aliyetaja kazi aliyoifanya. Labda hawakuijua. Mimi niliijua kwa sababu ilipita nyumbani kwangu, na kwa miaka mitatu sikuiamini.

Watu wote walimwita Madam. Hata wazee waliomzidi umri walimwita hivyo. Zamani eneo letu lilikuwa na afisa wa watoto wa kuajiriwa, mwenye gari na dereva. Afisa huyo alistaafu, tukaambiwa serikali haitaajiri mwingine mpaka hali ya fedha iwe nzuri. Gari likabaki uani kwa ofisi ya chifu bila mafuta, matairi yakalala, kuku wakaanza kutaga chini yake. Kazi ikaachiwa watu wa kujitolea kama Madam, wanaopewa posho kidogo, ikija. Yeye ndiye aliyeamua nani ajazwe fomu ya pesa za mayatima. Yeye ndiye aliyepeleka habari mjini kwamba mtoto fulani anakaa na nani na anakaaje. Mtu asiye na mshahara akishika mambo makubwa hivyo, unaanza kujiuliza anakula nini.

Mimi nilianza kujiuliza mapema.

Binti yangu Shiru alifariki akaacha mtoto wa miaka mitano, Wambui, mwenye jina la marehemu mke wangu, kwa kuwa upande wa baba haukujitokeza kutoa jina la kwao. Kabla ya hapo majirani waliniita Baba Shiru. Baada ya mazishi waliacha, mmoja baada ya mwingine, wakaniita Guka, yaani babu, kama mtoto alivyoniita. Walidhani wananihurumia. Kwa hiyo nikabaki mwanamume peke yake, mlinzi wa mchana katika jengo la ofisi kule Hurlingham, na msichana mdogo katika vyumba viwili vya kupanga. Nilitoka saa kumi na moja asubuhi. Mama Kevo, jirani wa mlango wa pili, alimpeleka shule pamoja na wake na yatima wa ndugu yake, akakaa nao mpaka nirudi.

Nilichohitaji kwa Madam kilikuwa kimoja: barua ya ulezi. Bila barua hiyo Wambui hakuwa wangu popote isipokuwa nyumbani. Shule iliiuliza. Kadi yangu ya bima ya afya haikukubali jina lake. Na mtu yeyote kutoka ofisi ya watoto mjini angeweza kusema siku yoyote kwamba mwanamume peke yake hafai, akampeleka mtoto kwenye makao ya watoto. Madam alikuja mara ya kwanza, akatazama vyumba, akaandika. Nikamuuliza barua itatoka lini. Akasema, "Ngoja kidogo, Guka." Aliendelea kuniambia ningoje kidogo kwa miaka mitatu.

Alikuwa na viatu vyeusi vilivyong'aa kuliko vya mwalimu mkuu, na vilinitia wasiwasi. Matope ya Waithaka wakati wa mvua yanajulikana. Sisi wote tulikuwa na ukingo wa udongo mwekundu kwenye suruali, lakini viatu vya Madam vilifika mlangoni visafi kana kwamba ameshushwa na gari. Mama Kevo alisema lazima kuna mtu humleta na kumwacha kwenye kona. Alisema pia kwamba makao ya watoto hulipa kwa kila mtoto anayepelekwa, kwa sababu wafadhili wa ng'ambo huhesabu vichwa. Sijui alilitoa wapi hilo. Nililishika.

Halafu kulikuwa na redio. Kila mwezi wa Juni, siku waziri anaposoma bajeti, watu wetu hutega sikio kwa mambo mawili tu: mafuta yamepanda au hayajapanda, na bia. Madam alisimama nje ya duka la vifaa vya ujenzi, redio ndogo kwenye sikio, daftari mkononi, akasikiliza hotuba yote mpaka mwisho. Wavulana wa pikipiki walimcheka. Walimuuliza kama ametajwa. Alipomaliza alipita ploti kwa ploti akawaambia akina nyanya na akina mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba pesa za mayatima hazitakuja kabla ya Krismasi, wasikope kwa kuzitegemea. Na hazikuja. Mwaka mwingine alisema orodha itapunguzwa, ikapunguzwa. Ungedhani watu wangemshukuru. Waliuliza: kama hayumo pamoja nao, anajuaje? Na mimi niliuliza hivyo.

Siku moja nilimuuliza ana kwa ana. Alinionyesha daftari. Ulikuwa mwandiko wa haraka, sikuelewa hata mstari. Akasema, "Wakisema wanalipa madeni ya nje kwanza, mimi huangalia wamebakisha nani nyuma. Kila mwaka ni wale wale."

Kumwambia mtu jambo zuri hakujua. Hakubeba mtoto hata siku moja, hata mtoto akimnyooshea mikono. Alisema mtoto akimzoea atalia akiondoka, na yeye ni wa kuondoka. Lakini mfuko wake ulikuwa na peremende za mnanaa, na alizila mwenyewe, moja baada ya nyingine, mbele ya watoto, bila aibu. Aliwahubiria watu kila mahali kwamba makao ya watoto si nyumbani, kwamba mtoto akae na wake hata kama ni chumba kimoja, na sote tulijua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka huko wengi. Aliwafokea akina baba waliokunywa. Na mlevi mmoja wa mtaa wetu alimnunulia soda kila mwisho wa mwezi. Nilishindwa kumweka upande wowote.

Sasa niseme habari ya televisheni, kwa sababu hapo ndipo nilipoacha kabisa kumwamini.

Kulikuwa na wiki ya kujaza upya fomu za pesa za mayatima. Serikali ilitaka kuhakikisha ni maskini wa kweli tu wanaopata, na fomu iliuliza kila kitu: sakafu, paa, jiko la gesi, kochi, televisheni. Jumamosi hiyo nilikuwa na zamu ya kupumzika. Nikamsikia Madam getini akimweleza muuza mboga habari ndefu ya goti lake. Ghafla Mama Kevo akaingia kwangu kwa nyuma, amekumbatia televisheni yake kama mtoto mgonjwa.

"Guka, niwekee hii kidogo."

"Kwa nini?"

"Madam yuko kwa gate. Wewe weka tu hapo kando ya yako."

Alitoka kabla sijajibu. Mara mama yake mzazi, aliyekuwa akikaa naye, akapitisha jiko la gesi dirishani. Nikabaki nimesimama katikati ya nyumba yenye televisheni mbili na majiko mawili. Madam akaanza na mlango wangu.

Alitazama. Alitazama tena. Akaniuliza televisheni hizo ni za nani.

"Moja ni yangu," nikasema.

"Na hii kubwa?"

"Si yangu."

"Ni ya nani?"

"Hilo siwezi kusema, Madam."

Alifunga macho kidogo, kama mtu anayeumwa na kichwa. Akaniambia polepole kwamba fomu haina nafasi ya kitu kisicho na mwenyewe. Nikamwambia sina la kuongeza. Sikutaka kumwongopea, na sikutaka kumchoma jirani anayemlea mtoto wangu mchana kutwa. Aliuliza mshahara, nikampa karatasi ya mshahara yenyewe. Akaweka kidole kwenye namba ya juu, akakishusha mpaka namba ya chini, akipita makato yote, ya zamani na yale mapya yaliyokuwa yakiongezeka kila bajeti.

"Fomu inataka hii ya juu," akasema. "Ile wewe hauioni."

"Lakini ninaenda nyumbani na hii ya chini."

"Najua. Wanakukata na mkono mmoja, halafu na ule mwingine wanaandika kwamba uko na pesa."

Mama Kevo aliingia kwenye orodha. Mimi sikuingia. Alipokuja kuchukua televisheni yake, alicheka mpaka akakaa chini. "Kwani wewe ulifikiria Madam husimama pale kwa gate kupunga hewa? Anatupatia time, Guka. Mtaa mzima unajua isipokuwa wewe."

Mtu mwingine labda angecheka pia. Mimi niliona jambo baya zaidi. Niliona kwamba Madam anawafundisha watu uongo, halafu anauandika kama ukweli, na mwenye kusema kweli anamwacha nje. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyeshika faili la Wambui.

Kwa hiyo nilimfuata.

Sioni fahari kusema hivi. Ilikuwa siku ya wiki, nimebadilishana zamu. Nilimwona akitoka kwa chifu na bahasha kubwa ya kaki chini ya kwapa, nikasema leo nitajua anaipeleka kwa nani. Nilidhani atapanda gari kwenye kituo. Alipita kituo. Alitembea, mimi nyuma yake hatua mia, mpaka Kawangware, akapita soko, akapita makanisa, akaendelea. Miguuni alikuwa na ndara za mpira. Tulitembea zaidi ya saa mbili. Tulipofika Hurlingham, barabara ileile ya Argwings Kodhek ninakofanya kazi, aliingia nyuma ya kituo cha mafuta, akafungua mfuko, akatoa gazeti, na ndani ya gazeti vile viatu vyeusi. Aliosha miguu kwa mfereji wa bomba. Akavaa. Akaingia katika jengo moja lenye ofisi ya wafadhili, akakaa kama robo saa, akatoka bado na bahasha yake. Akarudi kwenye mfereji, akafunga viatu kwenye gazeti, akavaa ndara, akaanza kurudi alikotoka.

Ningepaswa kuelewa hapohapo. Lakini shaka ni kitu kigumu, ukishakilea kinakula chochote. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba mtu anayebadilisha viatu ana jambo anaficha.

Mwaka wa pili Wambui alipata nimonia. Kwenye kaunta ya hospitali ya kule Parklands waliniambia kwa upole kwamba jina la mtoto halipo kwenye kadi yangu. Nikauliza, je, nikileta barua ya ulezi? Wakasema ndiyo, ukileta. Bosi wangu alinikopesha, mtoto akapona. Wiki iliyofuata nilimsubiri Madam kwenye kona karibu na kanisa, nikamwambia kwa mara ya kwanza yaliyokuwa moyoni. Nilimuuliza anataka nini kwangu. Kama ni kitu kidogo, aseme ni kidogo kiasi gani, nijue nakataa nini.

Hakukasirika. Aliuliza Wambui analala kifudifudi au kiubavu siku hizi, kwa sababu ya kifua. Nikamjibu kiubavu. Akasema, "Sawa. Ngoja kidogo." Akaenda. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu tena, na sikumsalimia tulipokutana.

Zaidi ya mwaka ulipita hivyo. Halafu, Alhamisi moja, alikuja getini kwangu. Si geti la ploti. Geti la kazini, Hurlingham. Alikuwa amekonda, na alikuwa amevaa ndara.

Nilimfungulia kitabu cha wageni kama mgeni mwingine. Akasema haendi kwa mtu yeyote, amekuja kwangu. Nikamwonyesha benchi ndani ya kibanda. Akakaa, nami nikakaa kando yake, akatoa bahasha ya kaki kama ile ya siku nilipomfuata, akaiweka kwenye magoti yangu. Ilikuwa faili la Wambui. Lilikuwa nyumbani kwake, kwenye katoni chini ya kitanda. Mjini hawakuwahi kuliona.

Nilimwacha aeleze, sikumsaidia kwa neno lolote. Alisema miaka mingi nyuma, kabla yetu, kulikuwa na babu mwingine upande wa Kawangware, na mjukuu wa kike. Yeye Madam akaandika kila kitu kwa ukweli na kulipeleka faili juu haraka, kwa sababu alikuwa mgeni kazini na aliamini kwamba haraka ni wema. Kamati ikasema mwanamume peke yake achunguzwe, mtoto akae makao kwa muda. Wakati huo hakukuwa na afisa wa kuchunguza, kwa kuwa hawakuajiriwa. Muda ukawa mwaka. Kisha wafadhili wa makao yale wakakatiwa fedha na serikali yao huko kwao, makao yakafungwa katika wiki moja, na watoto wakagawanywa huku na huku. Madam alimtafuta msichana huyo. Alikuwa bado anamtafuta. Hizo safari za Hurlingham, za kwenda ofisi baada ya ofisi, zilikuwa za kumtafuta msichana huyo.

"Sikuweza kukupeleka huko," alisema. "Nikakuficha."

Nilimwambia kwamba alipotuficha alitunyima pia. Nilimtajia nimonia. Akasema anajua. Hakujitetea, na mimi sikumwondolea lawama. Mpaka leo sijui kama ningefanya tofauti, lakini mtoto alikohoa usiku na mchana, na faili lake lilikuwa chini ya kitanda cha mtu.

Sasa kila kitu kilikuwa kinaingizwa kwenye kompyuta. Faili lisilofika mjini kabla ya mwisho wa wiki lingekuwa kama halijawahi kuwepo, na mtoto angekuwa kama hana mtu. Ilibidi liende, kamati au hakuna kamati.

Nililifungua. Ndani kulikuwa na karatasi za ziara, moja kwa kila tarehe, zenye sahihi yake. Nilianza kuhesabu. Kwangu alikuwa amekuja mara tano, naweza kuapa. Karatasi zilikuwa kumi na sita.

"Tarehe hizi nyingine hukuja," nikasema.

"Nauli haikuwa. Na ulikuwa umenikasirikia."

"Na umeandika soksi za mtoto zimefuliwa, zimeanikwa kwa waya."

"Hazikuwa zimefuliwa?"

Nikafikiri. "Zilikuwa."

"Basi."

Nikafungua nyingine. Mtoto anahesabu kwa tano bila kukosea. Kweli. Mtoto anakula mboga lakini anaacha mashina. Kweli. Nikafika kwenye karatasi iliyosema kwamba mtoto analala chumba cha ndani, na mlango una komeo upande wake mtoto. Hapo nilisimama. Komeo hilo nilikuwa nimelitia baada ya Wambui kutimiza miaka saba, nikamwambia awe anafunga mwenyewe. Sikumwambia mtu, hata Mama Kevo.

"Komeo ulijuaje?"

"Sikujua." Alitoa peremende, akaikunjua. "Nilikaa kitandani nikajiuliza, huyu mzee wa TV mbili sasa atakuwa amefanya nini. Nikaandika."

Kabla ya kuondoka alisema wakiniuliza mjini, niseme alikuja zote kumi na sita. Nikamwambia sitasema. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema alijua, alitaka tu kuona kama nimebadilika.

Kesho yake, Ijumaa, tulipanda ngazi za jengo la serikali katikati ya mji, mimi na Wambui aliyevaa sare ya shule. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nane na lifti ilikuwa na karatasi ya kusema imeharibika. Tulimkuta Madam amefika kabla yetu, ameketi kwenye benchi la nje, safari hii amevaa vile viatu. Sikujua kwa nini amekuja. Wambui alibaki naye, mimi nikaitwa ndani.

Afisa mpya alikuwa msichana wa umri wa Shiru wangu, na tableti mbele yake. Alisoma faili lote kimya. Akasema ni faili zuri sana, ziara kumi na sita, hajaona mlezi aliyetembelewa hivyo. Akauliza kama nathibitisha.

Nilimfikiria Wambui nje ya mlango. Sitadanganya kwamba sikufikiria. Neno moja lingetosha, tena lilikuwa limeshaandikwa, ni kulikubali tu.

"Alikuja mara tano," nikasema.

Kidole chake kilisimama. "Mzee, hapa ni kumi na sita."

"Tano. Hizo nyingine hakuja. Lakini yale ameandika ni kweli, hata ya siku zile hakuja."

Akatazama mlango, akanitazama. Aliniuliza kama najua nilichosema. Nikamwambia najua. Akasema hapana, hujui. Akanieleza kwamba wizara ilikuwa inapunguza watu wa kujitolea, wachache watabakishwa na kulipwa mshahara wa kila mwezi, na kwamba huyo mama aliye nje alikuwa wa kwanza kwenye orodha yao. Mtu aliyeandika ziara ambazo hakufanya hawezi kubaki. Na yeye kama afisa ameshasikia, lazima aandike.

Nikauliza kuhusu mtoto. Akapekua tableti. Zamani kanuni ilitaka ziara kila mwezi, alisema, na faili langu la ziara tano lingekataliwa. Lakini kwa kuwa hakuna tena pesa za nauli wala mafuta, kanuni mpya inataka ziara nne tu, na kamati haikai tena kwa kesi kama hizi, maana posho ya vikao nayo imekatwa. Tano zilitosha. Akaniuliza maswali yake mengine, nani anakaa na mtoto mchana, nani anamwogesha, nikajibu yote. Akapiga simu kwa mwalimu wa Wambui, na kwa Mama Kevo. Ilichukua saa nzima. Mwishoni mashine ikatoa karatasi, akaigonga muhuri. Nilikuwa nimeingoja miaka mitatu, na nilipoishika sikujua niitazame vipi.

Nilitoka nje. Wambui alikuwa akihesabu watu wanaopita. Madam hakuuliza lolote juu ya barua. Aliiona mkononi.

"Nimesema mara tano," nikamwambia.

"Mm."

"Ulikuwa kwenye orodha ya kubaki."

"Nilikuwa."

"Ungeniambia jana."

"Ningekuambia, leo ungesema ngapi?"

"Tano."

"Sasa ningekuambia ya nini?" Akasimama, akaweka mfuko begani, akampa Wambui mkono. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akimshika mtoto. "Haya, twende chini, mimi goti linachelewa."

Walitangulia, mimi nyuma yao na barua. Ngazi zilikuwa nyembamba, watu wakipanda na kushuka na mafaili. Kwenye ghorofa ya saba alimuuliza Wambui nani hufua soksi zake. Guka, Wambui akasema, lakini mimi naanika. Ghorofa ya sita alimuuliza Jumapili wanakula nini. Ya tano, kama anaweza kuhesabu kwa tano, na Wambui akahesabu mpaka tulipofika ya nne. Aliuliza polepole, swali moja, kisha hatua kadhaa, kisha swali jingine, na hakunigeukia hata mara moja. Nilichelewa kuelewa. Alikuwa anafanya zile ziara kumi na moja.

"Na mlango wako una komeo?"

"Iko. Ndani."

"Nani hufunga?"

"Mimi. Guka akitaka kitu anagonga."

Aliendelea hivyo. Mashina ya mboga. Kulala kiubavu. Tulipofika ngazi za mwisho alikuwa anahema, akasimama akashika ukuta. Kutoka hapo tuliona barabara na watu wa mji wakipita kwenye jua.

"Moja imebaki," alisema. "Wewe unamwogopa Guka?"

Wambui alicheka. "Hapana. Ni yeye huogopa."

"Anaogopa nini?"

"Mtu wa ofisi. Akisikia gate anasimama."

Madam alimwachia mkono, akamrekebishia kola ya sare.

"Mwambie asiogope tena," akasema. "Mtu wa ofisi ameshakuja, na ameenda."

Akavuka barabara, akaingia kwenye watu.